Tupeane uzoefu: nini kilimbakisha darasani mtoto aliyekuwa karibu kuachwa nje?

Mwanzisha uzi

Habari zenu nyote. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida zipokee watoto wote, wenye ulemavu wakiwemo. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 24 inahusu elimu jumuishi, na ibara ya 6 inakiri kuwa wanawake na wasichana wenye ulemavu hubaguliwa kwa njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo haki imeshaandikwa. Ninachotaka tusimuliane ni kile kinachotokea mtoto akishaandikishwa, kuanzia kesho yake. Nani alifanya nini, na kikabadilika nini? Tusitaje majina ya shule wala ya watu.

Visa vya wasichana wenye ulemavu navisubiri kwa hamu zaidi. Kwenye mikutano ya ulemavu nasikia habari za "mtoto", kwenye mikutano ya usawa wa kijinsia nasikia habari za "msichana", na yule aliye vyote viwili anakosa wa kumsemea. Karibuni.

Mama Pacha

Nina pacha, wa kike na wa kiume. Wa kike ana ualbino na uoni hafifu. Walipofikia umri wa kuanza shule, baadhi ya ndugu walitushauri tumtangulize wa kiume, huyu binti apumzike nyumbani maana jua linamuumiza. Walisema kwa upendo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuwajibu. Baba yao alijibu kwa kuwapeleka wote wawili siku moja, darasa moja.

Watu wengi hudhani miwani inamaliza tatizo. Haimalizi. Macho ya binti yangu huchezacheza yenyewe na mwanga mkali unamchoma, kwa hiyo hata kumkalisha mbele kabisa si jibu ikiwa mbele ndiko kwenye dirisha. Mwalimu wake alifanya jambo ambalo sijaliona kwa wengine: alimuuliza mwenyewe. Akamzungusha darasani kiti kwa kiti mpaka akasema "hapa naona". Ikawa safu ya pili, upande usio na dirisha, na akapewa ruhusa ya kuinuka kwenda kusoma ubaoni bila kunyoosha mkono.

Kisha mwalimu akaanza kutamka kila anachoandika. Hakuna tena "hii ukijumlisha na ile unapata hapa". Ni "tatu eksi jumlisha saba ni sawa na kumi na tisa". Wazazi wenzangu wakaniambia watoto wao, wanaoona vizuri kabisa, wameanza kuelewa hesabu. Mitihani yake huchapwa kwa maandishi makubwa na anaongezewa muda. Shule ilikuwa hairuhusu kofia kwenye mkusanyiko wa asubuhi. Ikaruhusu, halafu mkusanyiko wenyewe ukahamishiwa kivulini kwa wanafunzi wote.

La mwisho, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Kaka yake alikuwa akimwandikia madaftari. Mwalimu akamzuia kwa upole: "Wewe andika yako, yeye ataandika yake." Binti akawa mwanafunzi kama wengine, si mzigo wa kaka yake.

Gurudumu

Hongera sana kwa mwalimu huyo, Mama Pacha.

Mimi ni mwanamke, natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Shule niliyosoma ilijenga njia ya mteremko hadi mlango wa darasa, na kila mgeni alionyeshwa. Choo hakuna aliyekikumbuka. Kilikuwa na ngazi mbili na mlango ambao kiti hakipiti. Nikawa sinywi maji tangu naamka mpaka narudi nyumbani, nakaa darasani kichwa kinauma, naambiwa ni mvivu. Nilipovunja ungo nikaacha kabisa kwenda shule siku zile. Kwenye daftari la mahudhurio nikaandikwa mtoro.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa kike aliyegundua kuwa utoro wangu una mpangilio, unarudi kila mwezi. Hakuniita mbele za watu. Aliniuliza faraghani, nikamwambia yote. Kesho yake aliomba kiti changu, akakikalia yeye, akajaribu kuingia chooni mbele ya mwalimu mkuu na fundi. Alikwama mlangoni. Baada ya hapo hakukuwa na mjadala: mlango ukapanuliwa, ngazi zikaondolewa, kikawekwa chuma cha kushikilia ukutani, ndoo ya maji, na pipa lenye mfuniko la kutupia taulo za kike. Wasichana wasio na ulemavu nao walikuja kutumia choo kile, kwa sababu kilikuwa pekee chenye komeo linalofunga.

Baba wa Watatu

Mimi nitasema kifupi. Binti yangu alikuwa anasinzia darasani. Shuleni kila kitu kilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa nyumbani, ambako yeye alipika na kuosha vyombo huku kaka zake wakifungua madaftari. Mama yao alipendekeza zamu, nikaibandika ukutani kwa maandishi yangu ili wavulana wajue imetoka kwa baba. Sasa wote wanapika, wote wanasoma. Nasema hivi kwa akina baba walioko humu.

Mikono Inasema

Mimi ni kiziwi. Nimesomea shule ya viziwi, baadaye nikahamia shule ya kawaida nikiwa na mkalimani wa lugha ya alama.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, karibu wote ni watu wanaosikia, wakaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na siyo kwa alama. Matokeo yake watoto wengi wa vizazi vilivyofuata walizuiwa kutumia mikono yao shuleni. Kongamano la mfululizo huohuo lilipokutana Vancouver mwaka 2010 ndipo likayakataa maazimio yale. Miaka 130! Kwa hiyo mtu akiniambia mabadiliko ya elimu yaende taratibu, naomba anielewe nikikosa subira.

Kuwa na mkalimani hakukutosha. Walimu walizungumza huku wamegeukia ubao. Wakati wa majadiliano watu watano waliongea kwa pamoja, na mkalimani ana mikono miwili tu. Maneno ya kemia hayakuwa na alama tulizozijua, tukawa tunataja herufi moja moja mpaka kipindi kinaisha. Kilichonibakisha ni wenzangu. Wasichana wawili waliokaa karibu nami walianza kujifunza alama wakati wa mapumziko, wakafuata wengine, na kikundi chetu kikaweka kanuni: anayetaka kusema anyooshe mkono kwanza, mmoja mmoja. Kanuni hiyo iliwasaidia pia wasichana wengine wawili wasiopenda kupiga kelele ili wasikilizwe. Tulitunga alama zetu za "asidi", "chumvi" na "myeyuko". Za ndani ya kikundi tu, lakini zilitosha.

Nataka niongeze hili. Wavulana viziwi wa rika langu walielekezwa ufundi. Sisi wasichana tulielekezwa kushona. Hakuna aliyetuuliza.

Mwl. Fizikia

Dada Mikono Inasema, hilo la watu kuongea kwa pamoja naliunga mkono kwa nguvu zote.

Ninafundisha fizikia. Kwenye maabara kuna mgawanyo wa kazi ambao hakuna anayeutangaza: mvulana anashika chombo, msichana anaandika matokeo. Mwisho wa mwaka yule msichana ana mwandiko mzuri na hajawahi kuunganisha waya. Mimi huandika zamu ubaoni: mshika vyombo, mpimaji, mwandishi, msemaji, na kila jaribio watu wanabadilishana. Mwanafunzi wangu mwenye mkono mmoja aliomba asirukwe zamu ya kushika vyombo. Tulifunga kibano mezani kikamshikilia upande wa pili. Basi.

Jambo lingine ni ukimya baada ya swali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kuwa walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtu au kujijibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu hurefuka na wanaosikika huongezeka. Mimi huhesabu kimoyomoyo. Mwenye kigugumizi anapata nafasi, anayefikiri kwa lugha nyingine anapata nafasi, na msichana aliyezoea kukatizwa pia. Sijawahi kukutana na kifaa cha kufundishia kilicho rahisi kuliko hicho.

Mama wa Kimya

Nawasoma nyote na nafurahi, lakini naomba na upande wangu usikike. Mwanangu wa kike ana usonji. Nilimpeleka shule ya kawaida nikiamini haya yote. Darasa lilikuwa limejaa, kelele zinamtesa, hakuna msaidizi, na mwalimu hakupewa mafunzo yoyote. Alikaa pembeni siku nzima, na kwa kuwa ni msichana mtulivu asiyevunja kitu, hakuna aliyeona tatizo. Wavulana wenye usonji wanaopiga mayowe huonekana mapema. Wa kwangu alisifiwa kwa nidhamu huku hajifunzi chochote. Nikamhamishia kitengo maalumu chenye watoto wachache, na huko ameanza kusoma. Nisionekane adui wa elimu jumuishi. Nilimtoa kwa sababu hakuwa amejumuishwa.

Mwanzisha uzi

Mama wa Kimya, huna sababu ya kujitetea hapa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba nilioutaja ilisema wazi mwaka 2016, katika Maoni ya Jumla Na. 4, kwamba kumweka mtoto mwenye ulemavu kwenye darasa la kawaida bila kubadilisha mpangilio, mitaala na ufundishaji si ujumuishi. Yaliyompata binti yako ndiyo haswa kamati iliyakataa. Na ulilosema kuhusu wasichana watulivu linanigusa sana. Naomba walimu mliomo humu mlichukue.

Ningependa kujua, hicho kitengo kina mlango wa kurudi? Yaani akitaka hesabu au michezo pamoja na wengine, inawezekana?

Mama wa Kimya

Inawezekana kwa muziki na kuchora, ameanza. Hesabu tunaiomba. Mwalimu wa kitengo yuko tayari kwenda naye kwenye vipindi vya mwanzo, tunamsubiri mwalimu wa darasa akubali.

Mwl. Fizikia

Dada Gurudumu, shuleni kwetu tunakarabati vyoo na fundi anataka vipimo. Una kumbukumbu yoyote?

Gurudumu

Ninavyo, Mwalimu, maana nimeshavitoa kwa mafundi wengi. Upana wa mlango usipungue sentimita 80 ukishafunguliwa, na mlango ufungukie nje, kwa sababu ukifungukia ndani kiti kinauzuia na mtu akianguka hamuwezi kumfikia. Ndani pawe na nafasi ya mduara wa mita 1.5 ili kiti kigeuke. Mteremko uwe 1 kwa 12: ukitaka kupanda sentimita 30, njia iwe na urefu wa mita 3.6, fundi akiufupisha itabidi mtu asukumwe. Komeo na ndoano viwe chini, mkono wa aliyekaa uvifikie. Pipa lenye mfuniko liwe ndani ya choo chenyewe, si nje kwenye korido. Na kabla saruji haijakauka, mwite msichana anayetumia kiti aje ajaribu kuingia, kufunga na kutoka mwenyewe.