Naomba ushauri: betri ya litiamu kwa sola ya nyumbani

Wakuu, habari. Niko kijijini, umeme wa gridi haujafika. Nina paneli mbili za wati 200. Betri yangu ya maji ya Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) 200 imechoka. Friji ikiwaka tu inveta inalia piii na taa zinafifia.

Fundi anataka ninunue litiamu fosfeti, volti 12.8, Ah 100, maana ile ya maji haifai kushushwa chini ya nusu ya chaji. Hapo namwelewa. Shida ni kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri): ya zamani, haina mpangilio wa litiamu, na mara nyingine hupandisha volti kupita 14.6, kikomo cha kuchajia betri hiyo. Niibadilishe pia?

Halafu jana dukani nilinyanyua moja imeandikwa Ah 100, ina kilo 6 tu! Si zinafika kilo 10 na ushee? Mnazitambuaje feki kabla ya kulipa?