Riwaya ya mauaji, kijiji cha Ufaransa 1840: sumu itagunduliwaje?

Msomaji wa Wete: Assalaam alaykum. Marehemu katiliwa aseniki kwenye supu. Daktari athibitishe vipi, na nani apeleleze?

Mkunazini: Waalaykum salaam. Tumia kipimo cha Marsh, cha 1836. Maji ya tumbo lililochemshwa kwa asidi hutiwa chupani penye zinki na asidi ya salfa. Gesi itokayo huwashwa. Kigae baridi cha kauri kikigusishwa moto huo hupata doa jeusi linalong'aa. Lakini zinki chafu huwa na aseniki yake wenyewe! Lazima chupa ijaribiwe kwanza bila ya tumbo, la sivyo wakili ataivuruga kesi. Hapo ndipo penye riwaya khasa.

Chake: Polisi wa Paris waache. Shamba ni jandarmu, yaani askari polisi wa kijeshi, na hakimu mpelelezi. Aseniki ilikuwa sumu ya panya, muuaji ainunue tu dukani, masharti makali yalikuja 1846.

Mkunazini: Na uzito utajwe kwa gramu, zilikuwa lazima tangu Januari 1840. Wazee waseme ratili.