Viambatisho vimejaza Gmail ya ofisi: tufute barua nzima, tung'oe faili peke yake, au tulipie nafasi?

KaraniDom
Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ni ndogo, ya ukandarasi, hapa Dodoma. Barua pepe tunayotumia ni Gmail ya bure, ile ya GB 15, na sasa imefika ukingoni. Onyo lipo juu ya ukurasa kila siku: ikijaa hatutatuma wala kupokea, na tuna zabuni zinazosubiri majibu.

Kinachojaza ni michoro ya PDF, BOQ (orodha za kazi, vipimo na bei) zinazorudi na marekebisho mara nne mara tano, na picha za saiti. Maneno ya barua zenyewe ni machache, lakini ndiyo ninayoyataka yabaki: nani aliagiza nguzo ibadilishwe, tarehe gani, mteja alikubali lini. Nimesikia kuna kufuta barua nzima, kuna kutoa kiambatisho barua ikabaki, na kuna kulipia. Naomba mnilinganishie. Kompyuta ni ya Windows, intaneti ni bando la simu.

Fundi_Kisumu
Karani, pole na kazi. La kwanza kulijua: Gmail yenyewe haina njia ya kutoa kiambatisho ikakuachia barua. Ukifuta, unafuta vyote. Kwa hiyo gawanya mzigo wako mara mbili, barua ambazo hata maneno yake huyahitaji tena, na zile ambazo maneno yake ni kumbukumbu.

Anza na kundi la kwanza, maana kulifuta kupitia kivinjari karibu hakuli bando. Kwenye sehemu ya kutafutia andika has:attachment larger:10M na zitakuja zenye uzito wa zaidi ya MB 10. Ukitaka za zamani ongeza older_than:2y, ukitaka PDF pekee ongeza filename:pdf. Kisha rudia utafutaji huohuo ukiongeza in:sent. Kila mchoro uliomtumia fundi au mteja umeacha nakala kwenye Zilizotumwa, na ukiutuma kwa watu watano kwa barua tano tofauti, umeuhifadhi mara tano. Watu husafisha kikasha wakaiacha folda hiyo kama ilivyo.

Ukimaliza, ingia kwenye Tupio ufute na huko. Barua hukaa humo siku 30, na siku zote hizo zinahesabiwa kwenye GB 15 zako.

BintiUnguja
Assalaam alaykum. Na ile alama ya Drive inayotokea juu ya kiambatisho je? Karani akiihamishia huko michoro yote si atapata nafasi?

Fundi_Kisumu
Waalaykum salaam, dada. Hatapata. Gmail, Drive na Picha kwenye Google vinakula sahani moja, zile GB 15 ni za vyote vitatu. Ukibonyeza alama ile unatengeneza nakala ya pili, ya kwanza bado iko kwenye barua. Faida inakuja pale tu utakapoifuta barua baadaye, na hapo umeyapoteza maneno ambayo Karani anayataka.

Tena Karani, angalia kama kuna simu ya saiti iliyoingia kwa akaunti hiyohiyo na inahifadhi picha zake Google. Tangu Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa hata zikipunguzwa ubora. Huenda barua zinabeba lawama isiyo yao.

QS_Arusha
Nikamatie hapo kwenye kundi la pili, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila mwisho wa mradi. Tumia Thunderbird, ni ya bure, ya kompyuta. Unaiunganisha na Gmail kwa IMAP, yaani njia ya programu kusoma barua zikiwa bado kwenye seva, unafungua barua, unabofya kiambatisho kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Utaona Detach na Delete. Detach inalihifadhi faili kwenye folda utakayochagua kisha inalitoa kwenye barua. Delete inalitupa moja kwa moja. Kwa vyovyote maneno ya barua, mtumaji na tarehe vinabaki, na jina la faili linabaki limeandikwa pale, kwa hiyo miaka mitatu baadaye bado utajua kwamba siku ile uliletewa mchoro gani.

Sasa sehemu inayowaangusha wengi. Barua iliyo kwenye seva haiwezi kukatwa kipande. Thunderbird inachofanya ni kutengeneza barua mpya isiyo na faili, kuipandisha kwa Google, na kuifuta ile ya zamani. Lakini Gmail ina tafsiri yake ya kufuta kwa IMAP: isipoelekezwa vingine, barua ya zamani inaondoka kwenye kikasha na kubaki kwenye Barua Zote, na faili lake zima. Unatoka jasho siku nzima na nafasi iliyotumika haipungui hata MB moja. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya kusambaza na POP/IMAP. Zima ile ya kuondoa papo kwa papo (Auto-Expunge), kisha chagua kwamba ujumbe uliofutwa uhamishiwe kwenye Tupio. Jaribu kwa barua moja nzito. Rudi kwenye kivinjari uitafute kwa larger:10M. Kama bado inatokea nje ya Tupio, simama urekebishe mipangilio kwanza.

Kuhusu bando: Thunderbird mwanzoni inataka kushusha barua zote za akaunti. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji, uondoe tiki ya kuhifadhi barua kwenye kompyuta. Hapo itashusha zile utakazozifungua tu. Hata hivyo kila faili utakaloling'oa lazima lishuke, hilo halikwepeki. Na ujue kwamba kiambatisho kwenye barua ni kizito kuliko faili lenyewe, kwa sababu hugeuzwa kuwa herufi ili kisafiri: kila baiti 3 zinakuwa 4. Mchoro wa MB 18 unasafiri kama MB 24. Ndiyo maana faili linaloonekana dogo kuliko kikomo cha MB 25 linakataliwa kutumwa.

Mhasibu_Thika
Mimi natofautiana kidogo na QS. Njia yake ni safi, lakini ni barua moja moja. Mwenye barua nzito mia kadhaa atatafuta programu-jalizi, ipo AttachmentExtractor Continued, na lazima iendane na toleo la Thunderbird alilo nalo. Ofisi yenye karani mmoja ina kazi nyingine. Ningelipia Google One, nafasi ya ziada ya Google, ya GB 100 kwa mwezi mmoja au miwili, barua za zabuni ziendelee kuingia, huku usafi ukifanywa bila presha.

Ila kulipia milele bila kusafisha sikushauri. Siku malipo yakikatika ukiwa umeshapita GB 15, barua mpya hazitaingia, na akaunti ikibaki imezidi kiwango kwa miaka 2 Google wanaweza kufuta vilivyomo.

Wakili_Moshi
Ndugu zangu, naomba msikimbilie kung'oa. Karani ni wa ukandarasi, na kwenye ukandarasi madai huja mradi ukiwa umeshasahaulika. Kwa Tanzania shauri la mkataba lina muda wa miaka 6, na kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ujumbe wa kielektroniki, iangalie ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujaguswa. Barua uliyoitoa kiambatisho imeguswa. Kama ilikuwa na sahihi ya kidijitali, sahihi hiyo haitathibitika tena. Mchoro ulio kwenye diski upande huu na barua isiyo na mchoro upande ule, wakili wa mwenzako atauliza nani anathibitisha kwamba hivi viwili vilikuja pamoja.

Barua za maagizo ya mabadiliko, hati za malipo, BOQ ya mwisho iliyokubaliwa na barua za madai, ziacheni nzima. Kama lazima ziondoke Gmail, zitoeni nzima kwanza kwa Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua nakala ya vilivyomo kwenye akaunti. Zipeni lebo moja, chagueni Gmail pekee na lebo hiyo, mtapata faili la mbox, yaani faili moja lenye barua zote hizo. Lipakueni mapema, kiungo chake hudumu kama siku 7.

QS_Arusha
Wakili yuko sahihi, nami nakubali bila kinyongo. Ninazong'oa viambatisho ni zile barua za katikati: BOQ ya pili, ya tatu, mchoro uliobatilishwa, picha za maendeleo. Mbox hiyo inafunguka kwenye Thunderbird kwa programu-jalizi ya ImportExportTools NG, na kila barua inakuja na kiambatisho chake.

BintiUnguja
Kwa wenye Mac: programu ya Mail ina amri ya Remove Attachments kwenye menyu ya Message, na unaweza kuchagua barua nyingi kwa pamoja. Kazini kwetu kuna wanaotumia Outlook ile ya zamani ya Windows, nao wanabofya kiambatisho kwa kulia, Remove Attachment, kisha wanahifadhi barua. Kwa hili la kung'oa, naona zote mbili ni nyepesi kuliko Thunderbird.

KaraniDom
Asanteni sana. Nimeangalia, kweli simu ya msimamizi wa saiti inapakia picha kwenye akaunti ya ofisi, nimeizima. Mpango wangu: nalipia mwezi mmoja, nazipa lebo barua za mikataba na kuzitoa nzima kwa Takeout, nafuta za Zilizotumwa zenye marudio, halafu zile za katikati nang'oa kwa Thunderbird. Swali la mwisho: kuanzia sasa nawaomba wachora ramani watume kiungo cha Drive badala ya faili. Kitakula nafasi ya nani?

Fundi_Kisumu
Ya mwenye faili. Wewe unayefunguliwa kiungo hupungukiwi na kitu.

Wakili_Moshi
Na mwenye faili ndiye anayeweza kulifuta au kulibadilisha bila wewe kujua. Rasimu zije kwa kiungo. Mchoro wa mwisho uliosainiwa, mwombe autume kama kiambatisho, kwenye barua inayotaja namba ya mchoro na toleo lake.

QS_Arusha
Kama unazidi MB 18 hivi, mwambie augawe kwa karatasi: msingi peke yake, nguzo na mihimili peke yake, paa peke yake. Na unapoteua folda ya Detach, iweke kwenye diski ambayo herufi yake haibadiliki, si flashi. Thunderbird inakumbuka njia ya faili, ukibofya jina ndani ya barua linafunguka. Ukihamisha folda, kiungo kinakatika, itabidi ulitafute faili kwa jina.