Naomba ushauri: troli wa Norwe aitwe zimwi?

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaowasomea watoto ngano za Norwe kwa sauti, zile zilizokusanywa na Asbjørnsen na Moe na kuchapishwa kuanzia miaka ya 1840.

Shida kubwa ni troli, lile jitu la kutisha la ngano hizo. Ukimwita zimwi, mtoto anaelewa papo hapo, ila anasahau kwamba huyu akiliona jua hupasuka, na kuna ngano ambazo kisa hutegemea kumchelewesha mpaka alfajiri. Ukimwacha troli, inabidi usimame ueleze, na mdundo unakatika. Katika ngano ya kasri la Soria Moria kuna troli wa vichwa 3, wa 6 na wa 9, kila mmoja kwa maneno karibu yale yale. Ukikatiza hapo utamu umekwisha.

Halafu Askeladden, kitinda mimba anayechokora majivu jikoni. Dasent, mfasiri wa Kiingereza, mwaka 1859 alimwita Boots, majivu yakapotea. “Majivuni” inavutia, lakini inakaribia mno majivuno! Kijana wa Majivu je?

Tamati “Snipp, snapp, snute” ina vina. Niibadili iwe “ikiwa njema ni yetu sote”, au niiache ilivyo?