Mfamasia peke yangu zamu ya usiku: nikae au nihame?

Binti wa Umoja
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mfamasia katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi. Nilisoma miaka mitano chuoni, nikamaliza mwaka wa mafunzo ya kazini, nikapata leseni na kazi bila kukaa sana nyumbani. Najua kuna wenzangu wanaoitafuta nafasi kama hii hadi leo, ndiyo maana sitaki kuamua haraka.

Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa mbili asubuhi, usiku tano mfululizo. Dirisha la wagonjwa wa nje ni langu, simu za wodi ni zangu, kabati la morphine, dawa kali ya maumivu inayolindwa kwa funguo, na rejista yake pia. Uchovu nimeuzoea. Kinachoniumiza ni hiki: majuzi alikuja mama anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kaandikiwa antibiotiki ya metronidazole kwa ajili ya jino. Dawa hizo zikikutana, warfarin inazidi nguvu na mtu anaweza kuvuja damu. Sikumpa. Nikampigia daktari, kumbe yuko thieta. Foleni ikasimama, watu wakapiga kelele. Asubuhi nikaitwa ofisini: "Kazi yako ni kutoa dawa, daktari ana kazi yake."

Sasa kampuni moja inanitaka nikauze dawa zake kwa madaktari. Kuna gari, mshahara unazidi huu, usiku nalala kwangu. Lakini moyo wangu uko hospitalini. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Mzee wa Tembe
Pole daktari. Niko hospitali ya kaunti na dirishani nimekaa miaka mingi. Aliyekwambia hivyo amekosea kabisa, na hilo ulijue kabla hujaamua lolote. Kuipitia karatasi ya dawa ndiyo kazi yenyewe. Ni wewe unayetazama kama dozi ya antibiotiki ya gentamicin inalingana na uzito wa mtoto na hali ya figo zake. Ni wewe unayeona kwamba methotrexate ya ugonjwa wa viungo, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, mtu ameiandika kila siku. Kosa hilo huua.

Anza kuandika. Kila dawa unayoisimamisha, weka tarehe, saa, namba ya faili, tatizo lilikuwa nini, ulizungumza na nani na mkaamua nini. Jina la mgonjwa liache. Mwezi ukiisha, peleka maandishi hayo kwenye kamati ya dawa na tiba ya hospitali, kwa maana pale wamo madaktari na wauguzi, na wao wanaelewa haraka kuliko mhasibu. Kwetu mtu wa pili wa usiku tulimpata kwa njia hiyo, tena baada ya mabishano mengi.

Sista Wodini
Nakubaliana na Mzee. Usiku sisi wauguzi tunawategemea ninyi. Nani mwingine nitamuuliza kama antibiotiki ya ceftriaxone inaweza kupita mshipani pamoja na calcium kwa mtoto mchanga? (Haifai.) Lakini dada, simu nyingi tunazokupigia ni za vitu ambavyo vingepangwa mchana. Kaeni na wasimamizi wa wodi, makabati ya dharura yahesabiwe na kujazwa kabla hujaingia zamu. Utapumua kidogo.

Wakili wa Mtaani
Saa 14 mara usiku 5 ni 70. Kanuni za jumla za mishahara zinampa mfanyakazi wa usiku saa 60 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataka siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kamata mkataba wako, usome vifungu vya saa za kazi na notisi. Halafu KMPDU, chama cha kutetea wafanyakazi, si cha madaktari pekee, wafamasia wamo hadi kwenye jina lake. Makubaliano yao na serikali hayambani mwajiri wa kibinafsi, ila kujiunga na chama ni haki yako kikatiba.

Aliyehama
Mimi nilichukua kazi kama hiyo unayopewa. Gari ni kweli. Malengo ya mauzo ya kila mwezi nayo ni kweli. Mchana unashinda kwenye korido za kliniki Upper Hill ukisubiri daktari akupe dakika chache. Sijuti, watoto wangu wananiona jioni. Ila kurudi wodini baada ya muda ni kazi, miongozo ya tiba hubadilika ukiwa nje. Ukija huku, uje kwa kuwa unaipenda kazi hii, usije kwa sababu ya meneja mmoja.

Mwana wa Kayole
Baba yangu anatumia warfarin tangu awekewe valvu ya moyo, na hiyo habari ya dawa ya jino hatukuwahi kuelezwa. Nimempigia sasa hivi. Asante sana daktari.

Binti wa Umoja
Nawashukuru nyote. Kampuni nimeiomba inisubiri hadi mwisho wa mwezi, na daftari nimelianza leo. Msimamizi wa wodi ya watoto amekubali tukae Jumatatu. Mzee wa Tembe, mkiwa wawili usiku, funguo za kabati la morphine anashika nani?

Mzee wa Tembe
Mmoja tu, na jina lake linaandikwa. Mkipokezana zamu mnahesabu pamoja, ampuli kwa ampuli, kisha mnatia sahihi wote wawili. Msikubali kuharakishwa hapo.