Yin na yang katika nyumba ya Lubumbashi: je, ni lazima mlango utazame kusini?

Mwenye Kiwanja, Kampemba
Ndugu wasomaji, nawasalimu. Najiandaa kujenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, na msingi utachimbwa mvua zitakapokatika. Mhandisi mmoja Mchina ninayefanya naye kazi aliutazama mchoro wangu akasema hauna uwiano wa yin na yang: mlango mkubwa unatazama kaskazini ilhali kwao hutazama kusini, mlango wa nyuma umenyookeana nao, na chumba chetu cha kulala kina dirisha pana upande wa magharibi. Fundi wangu anacheka. Mke wangu anahofu kwamba huu ni uganga. Lipi nifuate na lipi niache kabla sijamwaga zege?

Mchoraji wa Ramani, Lubumbashi
Papa, kwa fikra za Wachina yin ni kivuli, ubaridi na utulivu, na yang ni jua, joto na mwendo. Hakuna kilicho kibaya kati ya hivyo viwili, ila ubaya huja pale kimoja kinapokimeza kingine. Sebule na barza hupewa yang zaidi, chumba cha kulala hupewa yin. Kwa hiyo kuhusu dirisha la magharibi mhandisi yuko sahihi kabisa: mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, ukuta wa matofali ya kuchoma utakunywa jua la alasiri na kuwarudishia joto hilo usiku mkitafuta usingizi. Lihamishie kusini, au lipunguze.

Kuhusu mlango simwungi mkono. Beijing iko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, na wakati wa baridi jua la adhuhuri hupita chini upande wa kusini huku upepo mkali ukitoka kaskazini-magharibi. Ndiyo sababu nyumba zao za kale za ua huweka jengo la wazee kaskazini likitazama kusini, na Jumba la Kifalme, lililojengwa kati ya 1406 na 1420, lina nyuma yake kilima cha Jingshan, kilichorundikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki lake. Sisi tuko karibu nyuzi 12 kusini. Juni na Julai, tunapovaa makoti asubuhi, jua la adhuhuri liko kaskazini na upepo hutoka kusini-mashariki. Mlango wako unatazama yang tayari.

Mama wa Nguba, Bukavu
Mchoraji amesema vema, lakini wapo wataalamu wengi wa Kichina wasiokubali kuigeuza dira hata wakiwa kusini mwa ikweta, kwa kuwa kwao pande zimefungamana na elementi tano (mbao, moto, udongo, metali na maji) na si na jua tu. Mimi naona wanaosoma umbo la ardhi ndio wenye kutufaa zaidi. Wao husifu nyumba yenye mlima mgongoni na maji mbele, na hapa Bukavu wengi wamejenga hivyo juu ya Ziwa Kivu bila kuambiwa na mtu. Ila mlima wetu huporomoka mvua zikizidi, na sijui ni yang gani itakayomfaa mtu aliyefunikwa na udongo usiku! Papa wa Kampemba, kwenu ni tambarare: ukuta na miti upande wa kusini-mashariki vitatosha kuwa mgongo.

Fundi Mstaafu, Katuba
Milango inayonyookeana tunaijenga makusudi ili hewa ipite, na wakati wa joto inasaidia. Wachina husema nguvu ya uhai huingia na kutoka bila kutua. Mimi nasema vumbi jekundu la kiangazi huvuka sebule nzima hadi uani. Sogeza mlango wa nyuma hatua mbili kando, upepo utapita bado lakini kwa kujikunja. Mama nyumbani umwambie kwamba hapo hakuna hirizi wala kafara, ni kupanga nafasi tu.

Mwenye Kiwanja, Kampemba
Nashukuru sana. Mlango mkubwa unabaki kaskazini, wa nyuma unasogezwa, na dirisha la chumba linakwenda kusini. Imebaki jiko: mhandisi hataki moto na maji vikae bega kwa bega, nami nina bomba moja tu.

Fundi Mstaafu, Katuba
Weka meza ya kukatia mboga katikati yao. Na mbabula ya makala ikae nje chini ya paa, kwa sababu ya moshi.