Noah inachemsha: nifungue hedi au nitafute injini nyingine?

Wakuu, naombeni ushauri. Noah yangu ya zamani, injini 3S, inapiga Tanga–Muheza na imeanza kuchemsha. Rejeta imezibuliwa, thamostati mpya, feni inazunguka. Bado maji yanapungua na chini hakuna tone, asubuhi inatoa moshi mweupe, na kifuniko cha oili kina utando kama chai ya maziwa.

Fundi mmoja anasema gasketi imekufa (ile inayoziba kati ya bloku na hedi, yaani kichwa cha injini), hedi ishushwe ipimwe kama imepinda au ina ufa. Mwingine anataka ninunue injini ya mtumba kutoka Japani. Mtumba nao bahati nasibu, halafu nianze kuhangaika TRA na namba ya injini kwenye kadi!

Naelemea kufungua kwanza. Hedi ikishasagwa (kusawazishwa uso kwa mashine) inadumu kweli? Na hapa Tanga mjini nani anasaga vizuri?